Shajara ya akwareli: vyombo vya kwetu Katuba, kimoja kimoja

Hii shajara naiweka kwa yeyote wa hapa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, popote pale, anayetaka kuanza akwareli (uchoraji wa rangi za maji) bila kungojea mtu wa Ulaya amletee vifaa. Mpango wenyewe si mkubwa: nachora vyombo vinavyotumika mu parsele (kiwanja) yetu hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kila siku, kimoja kimoja, na hatua ikiisha naandika kilichokubali, kilichokataa na pesa iliyotoka. Maua na machweo nawaachia wengine. Chombo kinakaa pale ulipokiweka, hakidai posho, hakichoki shingo, shida yake moja tu ni kwamba saa ya kupika mwenyewe anakuja kukichukua.

Kanuni niliyojiwekea: mchoro ukikauka naupeleka kwa mwenye chombo, sielezi kitu, nauliza tu hiki ni cha nani. Akijibu "ni kikombe", bado. Akijibu "ni kikombe ya papa yako" (yaani ya baba), imepita. Sufuria za alumini zinafanana zote, hapa Katuba kila nyumba iko nazo, lakini hakuna mama anayechanganya yake na ya jirani hata gizani, basi hicho anachokiona yeye ndicho natafuta.

Jumamosi 20 Julai 2024: vifaa

Sanduku ya rangi 12 za vidonge, dola 14, papeteri (duka la vifaa vya kuandikia) ya mjini. Brashi tatu za duru (ndogo, ya kati, moja nene yenye ncha nzuri), 15.000 FC (faranga za Kongo) zote. Kipande cha tripleksi (ubao mwembamba) cha kubandikia karatasi, 4.000 FC kwa seremala. Kreyo (penseli) na gome (kifutio) vilikuwepo nyumbani.

Karatasi ndiyo imenisumbua. Nilianza na kaye (daftari) ya kuchorea ya 8.000 FC, karatasi nyepesi ile ya wanafunzi, ukipitisha brashi mara ya pili juu inatoa vinyuzi sawa sweta ya zamani, ikikauka inajikunja mpaka maji yote yanakimbilia bondeni. Hiyo pesa imepotea, usiifuate. Karatasi ya akwareli inatiwa gundi wakati wa kutengenezwa, nyingine jelatini, ili maji yakae juu kidogo upate nafasi ya kuyaongoza, na uzito unaotakiwa ni gramu 300 kwa mita mraba. Ukiwa dukani na hujui, omba utie tone la maji kwenye kona: likizama palepale, rudisha. Mtu mmoja anayefanya biashara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, aliniletea karatasi A4 za gramu 300, dola 20 kwa pakiti, na hizo ndizo nazitumia.

Kwenye ile sanduku ya rangi 12, zinazofanya kazi kweli ni tano: bluu ya ultramarini, siena iliyochomwa (kahawia nyekundu hivi), okre ya njano, njano ya limau na nyekundu moja. Nyeusi baadaye niliifunika na skoch (utepe wa kunata) nisiiguse. Nyeupe vilevile, maana kwa akwareli weupe ni karatasi yenyewe, ukishaifunika imeenda.

Jumamosi 27 Julai: kikombe cha emaye

Kikombe cha papa, cha chuma kilichopakwa emaye, ile rangi ngumu kama kioo, cheupe, ukingo wa bluu, amekinywea chai tangu sijazaliwa. Nilidhani ni rahisi, kitu cheupe kwenye karatasi nyeupe, nusu ya kazi imeshafanyika.

Jaribio la kwanza: nikachora kikombe vizuri na kreyo, nikatia kivuli cha kijivu kilichotoka kwenye nyeusi ya sanduku. Kikawa kikombe kichafu. Si cheupe chenye kivuli, kichafu, kama mtu amekipangusa na kitambaa cha gereji. Nyeusi ya kidonge ndivyo ilivyo, inaua mwanga. Kijivu kizuri kinatoka kwa kuchanganya ultramarini na siena iliyochomwa: bluu ikizidi kinakuwa cha baridi, siena ikizidi kinakuwa cha joto, na ukitia rangi nyingi maji kidogo unapata karibu nyeusi kabisa lakini yenye uhai. Huo mchanganyiko umenibebea karibu mradi wote.

Kilichokiokoa kikombe hata hivyo si kivuli. Ni meza. Nilikuwa nimeacha nyuma patupu, karatasi nyeupe kikombe cheupe, jicho halina pa kushika. Nikapiga meza nzima kahawia nzito kuzunguka umbo, kikombe chenyewe sikukigusa isipokuwa kivuli chepesi upande wa kulia, na ghafla kikatoka mbele. Yaani unachora kila kitu ambacho si kikombe.

Angalia hapa kwa karibu: kwenye ukingo, karibu na mkono, emaye imebanduka kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Katikati yake ni nyeusi ya chuma, kuzunguka kuna pete nyembamba ya kutu, halafu nje ya pete emaye imechukua rangi ya chai isiyosugulika. Rangi tatu ndani ya sehemu ndogo vile. Nilianza na hiyo ya chai, maji mengi, ikakauka, nikaweka kutu (siena peke yake), ikakauka, nikamaliza na nukta nyeusi. Ukizifanya mbichi kwa mbichi zinaingiana unabaki na doa.

Papa aliangalia akasema: "Kumbe miye nanywaka mu kintu iko na kidonda namna hii?" Imepita.

Jumamosi 10 Agosti: sufuria ya alumini

Hii imechukua muda na karatasi kuliko nilivyopanga. Tatizo la kwanza ni la kichwa: nilichanganya "rangi ya alumini" kwenye kifuniko cha ndoo, kijivu kizuri, nikapaka sufuria nzima. Ikatoka kama sufuria ya saruji. Alumini haina rangi yake, inakopa. Nimekaa chini nikaangalia yetu pale uani: nusu ya chini ilikuwa na wekundu wa udongo, kwa juu kulikuwa na mstari wa bluu ya mbingu, upande wa ukuta njano chafu ya ukuta, na katikati kipande cheupe kabisa ambapo jua limegonga. Mimi mwenyewe nilikuwemo humo, mstari mweusi umesimama. Ukichora hivyo vipande na kuviacha na makali yake, bila kulainisha, chuma kinatokea chenyewe. Ukilainisha kila kitu unarudi kwenye saruji.

Tatizo la pili, doa lenye meno. Nilikuwa nimepaka ubavu, ukawa nusu umekauka, nikaona rangi haitoshi nikaongeza brashi iliyojaa maji. Maji mapya yakasukuma rangi ya zamani mpaka pembeni ikakusanyika, ikaacha alama yenye meno meno kama ramani ya kisiwa. Dawa yake ni kuangalia mng'ao: karatasi ikiwa bado inang'aa unaweza kuongeza, mng'ao ukishaondoka weka brashi chini, toka nje, salimia watu, rudi ikikauka kabisa. Na ukiongeza kwenye mbichi, brashi yako iwe kavu kuliko karatasi.

Tatizo la tatu ni mama, na nasema kwa heshima. Nimefika katikati, amekuja amechukua sufuria, sombe (majani ya muhogo) inangoja. Iliporudi ilikuwa imesuguliwa, masizi yote yameondoka na jua limeshahama. Tangu siku hiyo nafanya hivi: naweka alama tatu za chokaa chini pale chombo kinakaa, nachora saa ile ile ya asubuhi kabla jua halijapanda, na kivuli nakipiga kwanza kabla ya kitu chochote kwa sababu kivuli hakingoji. Masizi nimemwomba mama asiyasugue upande mmoja mpaka nimalize, akakubali akicheka.

Nilipomwonyesha mara ya kwanza: "Ile haiko nyungu yangu. Yangu iko na kidonda pale chini." Kweli, kuna mbonyeo karibu na kitako, siku sufuria ilianguka kwenye ngazi, na mimi niliuruka kwa sababu uliharibu umbo zuri la duara. Nikaurudia. Mbonyeo kwa akwareli ni vitu viwili tu, mwezi mwembamba mweupe upande wa mwanga na mwezi mwembamba mweusi upande mwingine, vimegeukiana. Imepita.

Jumamosi 31 Agosti: mbabula (jiko la bati)

Nimengoja jioni makusudi, makala (makaa) yawe yamewaka. Kosa ambalo wengi tutalifanya hapa ni kuanza na weusi. Makala ni meusi, si ndiyo, basi nikapiga meusi halafu nikaweka nyekundu juu ya moto. Nyekundu ikapotea. Rangi ya maji inapitisha mwanga, ukiweka nyepesi juu ya nzito haionekani kabisa, huwezi kurudi nyuma kama rangi ya mafuta. Kwa moto unaanza na mwanga: acha vipande vya karatasi nyeupe, zungushia njano ya limau ikiwa mbichi, dondoshea chungwa pembeni iingie yenyewe, kisha nyekundu, acha ikauke kabisa, na makala meusi yanakuja mwisho yakiwa na kingo kali. Moto unawaka kwa sababu ya weusi ulio jirani yake. Nilipoweka kipande cha mwisho cha kaa jeusi ndipo njano ilipoanza kuonekana ya moto.

Kingo za makala upande wa majivu nilitaka zififie, brashi zote zilikuwa ngumu mno, nikatumia kidole. Si jambo la ajabu mjini kwetu. Bela Sara, mmoja wa wachoraji wa atelye (karakana ya sanaa) ambayo Pierre Romain-Desfossés aliifungua hapa mwaka 1946, mji ukiitwa bado Élisabethville, alipiga picha zake kwa ncha za vidole. Kidole kinahisi unyevu wa karatasi, brashi haikuambii.

Kutu ya mabati ilikuwa furaha tupu. Siena iliyochomwa na ultramarini, usizichanganye kwenye sahani, ziweke zote mbili kwenye karatasi mbichi zigombane zenyewe. Ultramarini ina chembe chembe, inatulia ndani ya vinyweleo vya karatasi, na huo ukwaru ndio kutu ilivyo.

Mchoro huu nilimpelekea fundi aliyeitengeneza mbabula, yuko barabara ya pili, anakata mabati na nyundo yake kuanzia asubuhi. Nikamwambia papa fundi, hii ni ya nani. Ameishika karatasi mbali na macho: "Kazi yangu haiko hii. Umeweka matundu sita, miye natobolaka nane." Nikarudi nyumbani nikahesabu, nane kweli. Sasa matundu ni meusi, kuongeza meusi ni rahisi, nikaongeza mawili. Ingekuwa kinyume, matundu nane na yanatakiwa sita, karatasi ingekwenda kuwashia moto.

Jumamosi 14 Septemba: bidon ya njano

Bidon ya litre 20, ile iliyokuja na mafuta ya kupikia sasa inachota maji. Mdogo wangu alinisimamia kichwani: "Yaya, bidon inangoya maji, weye unaichora?" Basi tumepatana, aijaze kwanza, ikiwa imejaa ndiyo nzuri zaidi kuchora. Ikawa bahati.

Maana plastiki ile inapitisha mwanga. Iliyo tupu ni njano moja tu, imekufa. Iliyojaa hadi robo tatu ina mstari: juu ya maji njano nyepesi karibu na maziwa, chini ya maji njano nzito inayoelekea chungwa, na mstari wenyewe umelala sawasawa hata kama bidon imeegama. Na kivuli chake chini hakikuwa kijivu. Jua lilipita ndani ya plastiki na maji likatoka upande wa pili likiwa na njano, kwa hiyo katikati ya kivuli kulikuwa na doa la mwanga wa njano linalocheza. Nimeishi na hizi bidon maisha yangu yote na sijawahi kuliona.

Hapo ndipo pameharibika. Kivuli nilikitaka zambarau kwa vile zambarau na njano zinasukumana vizuri zikikaa jirani. Zikikaa jirani, sawa. Zikichanganyika ni tope. Nilipaka njano, sikungoja, nikaleta zambarau, nikapata rangi ya mto Lubumbashi baada ya mvua. Nikajaribu kuisugua na eponji, karatasi ikachubuka. Karatasi mpya. Safari hii njano ikakauka kabisa (gusa na nyuma ya mkono, ikiwa baridi bado ina maji), nikapitisha zambarau mara moja tu kwa brashi nene laini, mpito mmoja, bila kurudi. Ukirudi unaamsha njano ya chini.

Na fahamu pia rangi inapokauka inafifia. Njano niliyoiona nzito ikiwa mbichi, kesho yake ilikuwa ya mgonjwa. Siku hizi naweka kila rangi kwanza kwenye kipande cha karatasi hiyo hiyo, kikauke, ndipo naamua.

Alama ya mwenyewe ilikuwa rahisi: herufi mbili zilizochomwa na kisu cha moto begani ili isibebwe na wengine pale bombani, kingo zake zimevimba, na kifuniko chake kilipotea zamani, kinachoziba ni kipande cha sashe (mfuko wa plastiki) kilichosokotwa. Mdogo wangu hakusubiri hata swali. Imepita.

Jumamosi 28 Septemba: joto, kole (gundi) na mende

Chombo kipya hakuna, hii ni ya ufundi. Septemba yetu unaijua. Hewa kavu, vumbi, jua kali, rangi inakauka brashi ikiwa bado mkononi, ukipaka eneo kubwa mstari wa mwanzo umeshakuwa ukingo mgumu kabla hujafika mwisho. Nilivyojaribu:

Kulowesha karatasi pande zote mbili kwanza inasaidia, nyuma inakaa na unyevu inalisha mbele. Asali matone machache kwenye maji ya kuchanganyia inasaidia vilevile, asali inashika maji, lakini tia kidogo sana. Nilizidisha mara moja, mchoro ukabaki unanata na sisimizi wakaja kufanya ukaguzi.

Karatasi ikiloweshwa inavimba, kwa hiyo lazima uibane kwenye ubao ikiwa mbichi, ikikauka inajivuta inakuwa tambarare kama ngoma. Wenye vifaa wanatumia utepe wa karatasi wenye gundi ya maji, mjini sikuupata. Nikachukua mfuko wa saruji uliotumika, ile karatasi ya ndani isiyo na vumbi, nikakata vipande vya vidole viwili, nikapika kole ya unga wa muhogo. Kole ya kwanza ilikuwa nyepesi, usiku karatasi ilijivuta ikang'oa upande mzima. Ipike mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto, paka, ngoja dakika chache ianze kunata ndipo ubandike, na ubao ulale, usiusimamishe kwani maji yanashuka upande mmoja unakauka kabla ya mwingine.

Ikashika. Asubuhi nikakuta mende wamekula kole na sehemu ya karatasi. Sasa ubao unalala hewani, nimeufunga kamba pembe nne kwenye waya wa nguo ndani ya chumba. Inachekesha ukiiona lakini hawajarudi.

Jumamosi 19 Oktoba: rangi ya kichuguu

Siena ya sanduku iliisha kwanza, bila shaka, kila kitu hapa ni chekundu. Nikasema kwa nini ninunue udongo wakati tumekalia udongo. Nyuma ya parsele kuna kichuguu kimoja cha zamani, watu wamekichimba kwa matofali, udongo wake ni laini hauna mawe.

Kusafisha ni rahisi: koroga kwenye ndoo, hesabu polepole mpaka mchanga uzame, mimina yale maji mekundu kwenye chombo kingine, rudia mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chembe, acha yatulie usiku, mwaga maji safi ya juu, kausha tope. Unabaki na unga mwekundu, wekundu wake ni oksidi ya chuma, haififii na jua.

Kuushikisha ndiko kulikonitesa. Kwa kole ya muhogo ulipasuka ukabanduka kama ukuta wa zamani. Kwa asali peke yake haukauki hata kesho kutwa. Kwa kiini cha yai ulishika vizuri sana, na mchoro ule naupenda, ila si akwareli tena, huwezi kuulowesha ukaamka. Kinachotakiwa ni gundi ya arabika, ile utomvu wa mti wa akasia, ndiyo inayoshika rangi nyingi za maji za dukani. Yule yule wa Kasumbalesa aliipata, dola 5 kifuko. Sehemu moja ya gundi kwa mbili za maji ya moto, iache usiku iyeyuke, chuja, tia asali kidogo, saga na unga wako juu ya kioo mpaka iwe kama siagi. Asali 3.000 FC kwa bamama ba soko ya Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi), ni ya porini na ina ladha ya moshi, nyingine tumekula.

Watu wameniuliza malakiti, kwa kuwa hapa imejaa na kijani chake ni kizuri, na kweli zamani ilisagwa kuwa rangi. Mimi siisagi. Ni madini ya shaba, vumbi lake si la kuvuta, na kwetu kuna watoto. Kijani natoa kwa bluu na njano.

Nikiwa nasaga nilikuwa namwaza Albert Lubaki. Alikuwa mchongaji wa pembe za ndovu. Mwaka 1926, kule Bukama, Georges Thiry aliyekuwa akifanya kazi ya utawala wa Wabelgiji aliona nyumba zilizopambwa kwa picha ukutani, akampa Lubaki karatasi na rangi za maji. Miaka mitatu baadaye kazi zile zilionyeshwa Brussels. Mkewe Antoinette alichora pia. Na mwaka 2015 Fondation Cartier ya Paris ilipopanga onyesho kubwa la sanaa ya Kongo, ilianza kuhesabu kutoka 1926, yaani kutoka kwenye akwareli. Akwareli yetu ina karibu miaka mia, na imetoka huku huku Katanga, kwa hiyo mtu akikwambia hii ni michezo ya wazungu mwambie aende asome. Kazi zake nimeziona kwenye picha tu, na nilichoiba kwake ni ujasiri wa kuacha karatasi nyeupe kubwa kuzunguka umbo. Mimi nilikuwa najaza kila kona.

Jumamosi 9 Novemba: ungo, na mvua

Mvua zimeanza na kila nilichoandika Septemba kimegeuka. Sasa hakikauki. Umeme ukiwepo mtu anaweza kutumia sheshwari, mashine ya kukaushia nywele, usipokuwepo unangoja, au unaweka ubao mbali kidogo na mbabula, na nasema mbali, nimeunguza kona moja. Vidonge vya rangi vilianza kuota ukungu kwa sababu nilifunga sanduku vikiwa vibichi, viache wazi vikauke kwanza. Karatasi iliyokaa karibu na ukuta wenye unyevu imepoteza gundi yake, ukipaka inakunywa kama karatasi ya choo, na hiyo haina dawa. Zilizobaki nimezifunga kwenye nailoni mbili, juu ya kabati.

Faida iko pia: mbichi kwa mbichi sasa unapata muda wa kutosha, vivuli laini vinatoka bila haraka.

Ungo ni wa bibi. Nilianza kwa kuchora kila utepe wa msuko, juu chini juu chini, nikatoka na wavu wa samaki. Jicho halioni msuko wote, linaona sehemu ambapo mwanga unageuka kuwa kivuli, pale tu. Nikachukua mshumaa wa 500 FC, nikakata ncha, nikapiga mistari ya nta kufuata msuko kwenye upande wa mwanga, halafu nikapaka okre juu yote. Nta inakataa maji, nyuzi zikabaki nyeupe. Kwenye mpaka wa kivuli nikaongeza nyuzi chache na brashi ndogo, upande wa kivuli sikufanya kitu. Nta haitoki tena, kwa hiyo jaribu pembeni kwanza.

Bibi macho yake si mazuri. Ameikaribisha karatasi puani, akatafuta na kidole pale ukingo ulishonwa upya kwa uzi wa bluu, akaupata. Imepita.

Jumamosi 30 Novemba: hesabu na kinachofuata

Pesa yote: dola 39 (rangi 14, karatasi 20, gundi 5) na 30.500 FC (brashi 15.000, kaye mbaya 8.000, tripleksi 4.000, asali 3.000, mshumaa 500). Unga wa muhogo, mfuko wa saruji na kichuguu ni bure. Ukianza leo ukafuata hapa, ruka ile kaye, na brashi nunua mbili, ile ndogo sikuigusa sana, ncha ya brashi nene inafanya kazi hiyo hiyo.

Kuuza bado. Jirani mmoja aliomba mbabula, nikamtajia bei, akasema kwa pesa hiyo ananunua mbabula yenyewe na makala juu. Sikuwa na jibu.

Kinachofuata ni pasi ya makala ya tantini, ile ya chuma yenye jogoo kwenye kishikizo cha mbele. Nimeenda kuiomba akaanza kutafuta mchanga wa kuisugua, eti haiwezi kwenda kwenye picha ikiwa na masizi. Nikamwambia tantini masizi ndiyo natafuta, akasema basi watu wataona nyumba yake chafu. Tumepatana hivi: jogoo na mkono atasugua, tumbo la pasi ataliacha. Naanza tarehe 14 Desemba, asubuhi, mvua ikiniachia, na kabla ya hapo lazima nijue namna ya kutoa mng'ao wa shaba nyeupe kwenye jogoo bila ile nyeupe niliyoifunga na skoch.